Karatasi za Ukutani na Daftari Ulilozikwa Nalo

Kwako Kaka Deo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo kaka. Najua marahaba yako sitaisikia, lakini sijawahi kuanza na wewe bila shikamoo na kwa umri huu siwezi kujifunza adabu nyingine. Hujambo huko? Kifua kimepoa? Sisi hapa Ngokolo hatujambo, ukiacha mgongo wangu, na cherehani imeanza tena kukata uzi kama siku zile ulipokuwa ukija kunitengenezea.

Nisikufiche, nakuandikia nikiwa na wasiwasi. Leo Jumatatu. Nyumba ya mama kule Ushirombo imeuzwa, ndugu wote tulikubaliana, na mnunuzi anataka kiwanja kiwe wazi ifikapo Jumamosi. Ijumaa mwanao Koleta anakuja kutoka Isaka kuchukua vitu vyako. Na kuna kitu hatakikuta, na sababu ni mimi.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa mpishi wa padre mzee Mfaransa pale misheni, na dada yake kule kwao alikuwa akimtumia magazeti ya watoto, yamefungwa kwa kamba, yakifika kwa mafungu baada ya miezi. Padre akikufundisha Kifaransa huku unamenya viazi. Ndani ya kila gazeti kulikuwa na karatasi moja ya hadithi ya picha, mbele na nyuma. Ile ya dereva wa chombo cha angani, aliyebeba watu waliolazwa usingizi wa miaka, yeye peke yake macho, akitafuta mahali pa kuwashusha. Padre akimaliza gazeti anakupa, na wewe unakuja kubandika karatasi ile ukutani kwa uji wa muhogo, kwa mpangilio, kuanzia mlangoni hadi kwenye kitanda cha mama.

Lakini karatasi ina pande mbili, na ukuta unakula upande mmoja. Ndiyo maana kabla ya kubandika ulikaa mezani ukauandika kwa Kiswahili upande wa nyuma, wote, maneno na picha zilivyo, kwenye daftari ulilovalisha karatasi ya kaki. Jumapili baada ya misa watu wanajaa, unasoma ukuta, unasoma daftari, unarudi ukutani. Na daftari lako jingine, la sala ulizokuwa ukiongozea jumuiya, ukalivalisha kaki vilevile.

Kaka, siku ya kukuzika kina mama wa jumuiya waliniambia, leta daftari lake la sala tumwekee na rozari. Nikaingia chumbani sioni kwa machozi, nikachukua la kaki. Nikaliweka kifuani pako kwa mkono wangu. Baada ya arobaini nikafungua lililobaki ili tusali, nikakuta Litania ya Bikira Maria. Nilikaa chini sakafuni.

Kwa hiyo wewe uko huko na chombo cha angani, na sala zako ziko kwangu. Nilikwenda kumuuliza paroko kama ni vibaya. Alijizuia kucheka, nikamwona, akasema Mungu hakagui madaftari. Nimeamini, lakini si mara zote. Kila asubuhi nakusomea ukurasa mmoja wa sala zako, kwa sauti, usije ukakosa.

Kingine cha kukuambia nimekipata mwaka huu. Kuna sista anafundisha Kifaransa sekondari hapa mjini, namshonea. Nikampeleka Ushirombo, akapiga picha ukuta wote kwa simu, akaenda kutafuta. Kaka, hadithi haikufa. Lile gazeti la watoto ndilo lililofungwa, hadithi ikiwa katikati kabisa, ndiyo maana mafungu yaliacha kuja, na sisi tulidhani ni posta. Hadithi ikakaa miaka bila mwenyewe. Baadaye gazeti jingine la watu wazima likaichukua, linatoka mara moja kwa mwezi, nalo likafa. Mwisho ikatoka kitabu cha jalada gumu, ila wenye kiwanda cha kuchapa walitaka kurasa za kutosha kitabu kimoja tu, wakazipunguza za mwanzo. Baadhi ya hizo za mwanzo ndizo zilizo ukutani kwetu. Na za upande wa nyuma zilikuwa kwenye daftari lako tu. Sista anasema hajaziona kwingine. Aliposema hivyo sikumwambia daftari liko wapi.

Na mwisho wake nakuambia, maana watu walikusumbua sana uumalize mwenyewe, ukakataa, ukasema, "Siyo yangu. Nikiimaliza mimi nitakuwa nimeiba." Dereva alitua. Alikuwa amezeeka. Wale walioamka walikuwa vijana vilevile kama walivyolala, wakamwona mzee, wakamuuliza dereva yuko wapi. Akawaambia amekwenda kupumzika.

Jana nilikwenda Ushirombo baada ya misa. Nikawaita waliokuwa wakikusikiliza, waliobaki, nikasimama mbele ya kila karatasi nikauliza nyuma yake kulikuwa na nini, nami naandika kwenye daftari jipya. Masanja jirani yako alikuja, ameacha kushuka duarani kuchimba dhahabu, vumbi la mawe limemharibu kifua kama lilivyokuharibu wewe mlipokuwa mkichimba pamoja. Mama Kabula naye. Kumbe wanakumbuka zaidi yangu. Lakini wanapishana. Kwenye karatasi ya sita Mama Kabula akasema hapa dereva alilia.

"Alie nani?" Masanja akamwuliza. "Mwanamume anaendesha chombo kile alie? Alipiga chafya."

"Wewe ulikuwa umesinzia, Masanja. Tulikuamsha kwa uji."

Nikaandika yote mawili. Nilipowaeleza mwisho wa hadithi Masanja aliuliza jambo lilelile alilokuuliza miaka yote, kwamba na ng'ombe wao je. Nikamwambia sista anasema hawakubeba ng'ombe. Alikasirika kweli. Akasema basi huko wamekwenda kuishije.

Kuna karatasi nne hakuna aliyekumbuka nyuma yake. Nilijaribu kubandua moja kwa maji ya vuguvugu. Ikachanika, upande wa nyuma ukabaki kwenye udongo kama utando wa maziwa. Nikaacha. Masanja anasema tusibandue. Tofali ni mbichi, yeye anajua kukata mwamba bila kuupasua, atautoa ukuta vipande vipande pamoja na karatasi zake. Anasema vikivunjika nisimlaumu. Nimekubali, lakini usingizi sina. Na Koleta bado sijamwambia. Ulimwahidi daftari la hadithi mbele yangu, hata ulipokuwa huwezi kuketi.

Leo ni Jumatano. Niliacha kuandika nikampigia Koleta, nikaona bora ajue kabla hajapanda gari. Alikuwa anapakulia madereva wa malori, nasikia sahani. Nikamweleza yote kwa mkupuo, sikupumua. Nikasikia anaweka upawa chini.

Kisha akasema, "Shangazi, nilikuona."

Nikamwuliza umeniona nini.

"Nilikuwa mlangoni. Nilikuona umeshika lile lenye doa la mafuta, siyo la sala. Nikataka kusema. Watu wamejaa, wewe unalia hivyo, nikasema liende."

Mwaka mzima kaka. Mimi namkwepa, yeye ananionea huruma. Nikamwuliza kama ana kinyongo. Akasema alilia kwa ajili ya daftari siku nyingi, na kwamba Ijumaa atakuja na nafaka na mboga, atupikie sote wakati Masanja anakata, na tutakaa naye mbele ya zile karatasi nne, huenda akakumbuka, maana yeye alikuwa akisikiliza akiwa mapajani mwako.

Basi kwaheri kaka yangu. Nakuahidi haya. Sala zako nitazisoma asubuhi zote Mungu anazonipa. Daftari jipya litakuwa la Koleta. Na pale tusipojua nitaacha nafasi nyeupe, sitajaza ya kwangu, ulivyokataa wewe.

Ila nyuma ya karatasi ya sita nataka kujua. Alilia au alipiga chafya? Unalo daftari hapo. Angalia, unijibu mapema, kwa njia yoyote utakayopewa. Ijumaa ukuta unashuka.

Ni mimi mdogo wako,
Fausta