Mume Wangu Amepata Amani, Mimi Imenishinda

Shangazi Fuatino mpendwa,

Pokea salamu kutoka kisiwa chetu cha Savai'i, hapa Samoa. Kila alasiri nakusikiliza redioni huku nikisuka mikeka, na leo naomba unisikilize wewe, maana nimefika mahali sijui niende mbele au nirudi nyuma. Majina siyafichi, kijiji chetu kizima kinayajua haya.

Mume wangu anaitwa Uelese. Tulipooana alikuwa kijana wa vicheko, mwimbaji wa sauti nzito kanisani, na siku moja baada ya mechi ya kriketi alikunywa bia, watu wakamwambia mpe mwingine usukani, akacheka, akawasha gari, vijana wamejaa nyuma, na kwenye kona ya mawe ya volkano gari likapinduka na Iakopo, mtoto wa kiume pekee wa jirani yetu Mama Moelagi, akafa palepale. Wazee wa ukoo wetu walikwenda wakapiga magoti mbele ya nyumba ya Moelagi, Uelese katikati yao amefunikwa mkeka wa heshima kama mila yetu ya kuomba radhi inavyotaka, wakakaa juani mpaka Moelagi mwenyewe akatoka, akauinua ule mkeka, akasema, "Ingieni ndani." Hakuna aliyelipiza kisasi, Shangazi, koo zetu zikala pamoja. Uelese akahukumiwa, akatumikia kifungo chake, akarudi. Lakini niseme ukweli, mume wangu hakuwahi kutoka chini ya ule mkeka.

Miaka yote hiyo alikaa benchi la mwisho kanisani, haimbi, Meza ya Bwana ikiandaliwa anatoka nje, akimwona Moelagi njiani anainamisha kichwa na kurudi alikotoka. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Wageni wakija mimi, mikutano ya ukoo mimi, shule ya watoto mimi, na jioni namkuta shambani ameketi anatazama mikono yake, namshika namrudisha nyumbani kama mgonjwa. Nikazoea.

Sasa mwaka jana Moelagi alimfuata shambani. Nilikuwepo, nang'oa magugu. Moelagi ni mama mwenye mwili mkubwa, msusi hodari, na mdomo wake hauna breki. Alisimama katikati ya majimbi yetu akamwambia:

"We Uelese, unanichosha."

"Nisamehe, Mama."

"Tena! Nilishakusamehe mbele ya kijiji kizima, unataka nikuandikie ukutani? Unadhani siku ile niliuinua mkeka kwa nguvu zangu? Sikuwa nazo. Nilimwambia Yesu, niinulie mkono huu, maana mimi nataka kuokota jiwe. Basi yeye amekusamehe, mimi nimekusamehe, umebaki wewe peke yako unajihukumu. Umekuwa nani, hakimu wa rufaa?"

Uelese akaanguka magoti.

"Inuka, unavunja majimbi ya mkeo!" Halafu sauti yake ikabadilika. "Sikiliza, mwanangu. Kila ukiinama ukiniona, namzika Iakopo upya. Mimi nataka jirani. Sitaki kaburi linalotembea."

Alilia, Shangazi, mwanaume mzima, analia kama mtoto aliyepotea sokoni, na Moelagi akaketi kwenye udongo na gauni lake safi, akamshika kichwa, wakaomba wote wawili. Uelese alisema maneno machache tu: "Bwana, kila siku nimekuwa nikikurudishia msamaha wako. Leo naupokea."

Tangu hapo ni mtu mwingine. Jumapili iliyofuata alipokea Meza ya Bwana. Anaimba. Anakaa na vijana wanaokunywa, anawaeleza alichofanya bila kujisafisha, "Nilionywa, nikacheka, nikamuua rafiki yenu," na baadhi wameacha chupa kwa kumsikiliza. Nyumbani anapakata watoto, anawasha tanuri la mawe mwenyewe, anatania mpaka mama yangu anasahau kumeza. Nakiri ni mzuri kuliko siku aliyonioa.

Basi tatizo liko wapi? Jumamosi ijayo binti wa Moelagi, Talalelei, anaolewa. Baba yake alishafariki, na Moelagi amemwomba Uelese awapeleke kwa gari yeye na bibi harusi mpaka kanisani. Njia ni ileile ya ajali. Uelese alisharudishiwa leseni, na pombe hajaigusa tangu ajali. Akakubali kwa furaha. Mimi nikapandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi, tukiwa mezani nikamwambia mbele ya watoto, "Umeshasahau kwamba uliua?"

Watoto wakaacha kula. Yeye akaniangalia bila hasira, akasema, "Sijasahau. Iakopo namtaja kila asubuhi nikisali. Ila siishi tena pale kwenye kona." Halafu akamega shelisheli, akampa mdogo wetu.

Funguo za gari nimezificha kwenye kikapu changu cha ukili. Shangazi, huu ni uhuru wa Mungu au ni kukosa haya? Aliyeua anaruhusiwa kufurahi kiasi hiki? Na mbona mimi, niliyemwombea afurahi mpaka magoti yakaota sugu, leo furaha yake inanichoma?

Mke wa Uelese

*

Mke wa Uelese, binti yangu,

Nimeisoma barua yako, nikavua miwani nikafuta macho, nikaisoma tena. Kwanza nikuvulie kofia. Wanawake wengi wangefunga virago siku mume anaingia jela. Wewe ulibaki, ukalea, ukalima, ukasema kwa niaba ya mtu aliyepoteza sauti. Hilo nimeliona, na Mungu ameliona kabla yangu.

Sasa kaa vizuri.

Unauliza kama mumeo amekosa haya. Mtu asiye na haya namjua, huniandikia kila wiki. Husingizia barabara, husingizia bia, na jina la marehemu halitamki. Mumeo anamtaja Iakopo kila asubuhi. Anawatazama machoni vijana waliompoteza mwenzao na kuwaambia, mimi ndiye. Huyo ni mtu aliyesahau? Ninyi mlichozoea kukiita majuto yake kilikuwa jela ya pili, na hiyo hakufungwa na mahakama wala na Moelagi. Kumbuka Petro na Yuda. Wote wawili walimwangusha Bwana wao, wote wawili walilia. Yuda akaukimbia uso wake. Petro, alipomwona ufukoni, akajitupa majini na nguo zake akamfuata. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa kosa. Ilikuwa walielekea wapi baada ya kulia. Uelese, baada ya miaka mingi ya kukimbia, amejitupa majini. Na wewe umesimama ufukoni unamwuliza mbona ameloa!

Na huyo Moelagi! Natoa ushauri hapa mpaka nywele zimekuwa nyeupe, lakini siku nikifika Savai'i nitaketi miguuni pake nifundishwe. Mama aliyemzika mwanawe anakwenda kwa miguu kumtoa kifungoni aliyemuua. Halafu wewe unataka kumkatalia mtu kama huyo dereva aliyemchagua mwenyewe, kwa ajili ya harusi ya bintiye mwenyewe? Hilo la Iakopo si lako kulidai, binti yangu. Mwenye haki ya kulidai amelimaliza.

Lakini hasira yako siidharau, maana naiona ina mizizi yake. Umekuwa muuguzi miaka mingi. Mgonjwa ameamka, anacheza na watoto, na wewe bado umeshika kijiko cha dawa, hujui ukiweke wapi. Na kuna zaidi. Katika barua yako ndefu yote sijaona mahali ambapo mtu alikuuliza wewe uliumia vipi. Koo zilipatana. Moelagi aliombwa radhi. Nani alikuomba radhi wewe? Gari lile lilipinduka na ndoa yako ndani yake. Mumeo alikwenda jela ukabaki peke yako, akarudi ukaendelea kuwa peke yako. Mungu amemsamehe, Moelagi amemsamehe, ila wewe hujamsamehe, kwa sababu hata wewe mwenyewe hukujua kwamba kuna kitu cha kumsamehe. Ndiyo maana kicheko chake kinakuchoma. Unajiambia moyoni: huyu anafurahi, na miaka yangu je?

Basi fanya hivi, na usisubiri kesho. Zitoe funguo kikapuni umpe mkononi. Usiziache mezani kama zimejirudisha zenyewe. Lile neno ulilitamka mbele ya watoto, kwa hiyo mwombe radhi mbele ya watoto. Kisha mwambie, "Uelese, twende shambani, nina la kwangu." Huko mweleze yote: nilikukosa, nililia peke yangu, nilikasirika na sikuwa na pa kuipeleka hasira, kwa sababu huzuni yako ilijaza nyumba nzima. Usimpunguzie. Mtu aliyeweza kumsikiliza Moelagi ataweza kukusikiliza wewe. Akikuomba msamaha, usimjibu "haidhuru" kama tulivyofundishwa sisi wanawake. Mwambie, "Nimekusamehe," kwa mdomo, usikie sauti yako ikilisema. Kama neno haliji, sema kama Moelagi alivyosema, mwombe Yesu akuinulie mkono. Hachoki kuombwa jambo lilelile na nyumba mbili za kijiji kimoja.

Jumamosi vaa gauni lako zuri kuliko yote, uketi kiti cha mbele pembeni ya mumeo. Usimshike mkono kama mgonjwa, mwache aendeshe. Mkifika kanisani, shuka kwanza umfungulie Moelagi mlango. Na kama machozi yatakuja, yaache yaje. Harusini hakuna atakayekuuliza unalia nini.

Shangazi Fuatino