Kopo la Misumari

Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu amerudi. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto limefungwa bendeji hadi wiki ijayo, ndipo tutajua. Daktari anasema vumbi la jiwe liliingia na humo pia. Tusubiri — ndilo neno lao wote pale hospitali.

Karibu wiki mbili sasa tangu jiwe la grenda limpasukie usoni. Lile duara jembamba la kukatia chuma. Alivuta swichi, likazunguka, likapasuka. Basi. Maisha ya mtu.

Daftari hili ni la vipimo vyetu vya kazi. Kurasa za mbele zote ni mwandiko wake, namba zimenyooka kama zimepigwa rula. Huku nyuma kulikuwa kweupe. Naandika humu kwa sababu sasa hawezi kusoma. Ndiyo, nimesema. Aibu ni yangu.

Mtaa mzima unamwita Kipimo. Mtu anayepima mara tatu hata anapotundika kalenda. Leo amepima kwa miguu kutoka kitandani hadi mlangoni: hatua saba. Akasema, Chumba kimerefuka, mke wangu, zamani zilikuwa sita. Nikacheka ili acheke. Kisha nikaenda uani nikakaa juu ya ndoo.

Grili za madirisha ya shule ya chekechea: kumi na mbili. Tayari: tano. Mwalimu mkuu ametuma pole, na nyuma ya pole akauliza zilizobaki ni lini. Simlaumu. Siku zote mume wangu hukata, mimi nachomelea. Sasa kukata ni mimi pia. Grenda ameagiza itundikwe ukutani isiguswe. Nimeitundika. Nikiingia karakana naipa mgongo.

Jumatano, 6 Machi

Nimevunja bledi mbili kabla ya saa nne asubuhi. Msumeno wa mkono — miaka mingi sijaushika, tumeharibiwa na grenda.

Bledi ya kwanza ilinata kwenye bomba la mraba, ikaruka, ikang'oka meno sita. Ya pili nikaibana kwa hasira, ikakatika katikati. Nikatukana. Sauti ikatoka chumbani, dirisha lake linatazama karakana:

— Umeweka ya meno kumi na nane?

Nikageuza bledi nisome. Kumi na nane kwa inchi. Amejua kwa kusikia tu.

Akanifundisha kupitia dirishani kama mwalimu wa redio. Bomba lile unene wake milimita mbili. Meno makubwa yanalikosa, yanaangukia ndani, yananasa. Yanatakiwa meno mawili matatu yawe juu ya chuma kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ya thelathini na mbili. Ya kumi na nane ni ya nondo nene. Na meno yatazame mbele, kazi ifanyike ukisukuma, ukirudi legeza mkono. Na usikimbie.

Usikimbie. Miaka ishirini na miwili ananiambia hilo. Mkono wako mwepesi, mama. Alikuwa akisema kama sifa.

Ijumaa, 8 Machi

Ya thelathini na mbili hatunayo. Nikaenda dukani. Duka la vifaa lile lile tunakonunulia mawe siku zote. Hakuna mtu ndani, mwenye duka peke yake anapanga vitasa vilivyokwisha pangwa. Shemeji, mdogo wake mume wangu, ameshazunguka mtaa mzima kwamba mawe ya duka hili ni feki na yamemng'oa kaka yake jicho. Watu wamehamia duka la ng'ambo ya barabara.

Nilidhani ataninunia. Alisimama. Akauliza hali ya mgonjwa kwanza, ndipo biashara. Akanipa bledi mkononi nizikunje: hii inapinda, haivunjiki ovyo, ichukue wewe unayeanza. Hii ngumu ni ya mtu mwenye mkono uliotulia, inakata vizuri lakini ukiyumba tu, imekwenda. Nikachukua zinazopinda. Akanionyesha na msumeno wa mkanda, picha yake kwenye karatasi: mkanda wa meno unazunguka polepole, chuma kimebanwa kwenye jiliwa, wewe umesimama kando na mikono yako. Akasema ukifika wakati wa kununua mashine tena, fikirieni hiyo. Ikikosea, inasimama. Hairuki.

Nilikuwa nimeshageuka kutoka akaniita.

— Dada. Lile jiwe lilikuwa la pakiti ipi? Nitazame zilizobaki.

Nikamwambia sijui.

Najua. Naliandika hapa mara moja, nisirudie tena. Mawe ya grenda ndogo yalikuwa yamekwisha. Nikalichukua jiwe la ile grenda kubwa tuliyoiuza, limeshalika pembeni mpaka limebaki saizi ya lile dogo. Tundu la katikati ni sawasawa. Kava la kinga tulishalitoa mwaka jana, wote wawili, lilikuwa linatuziba mstari. Nikalifunga, nikakaza nati. Nikaona namba katikati: mwisho mizunguko 6600 kwa dakika. Grenda ndogo inazunguka elfu kumi na moja. Niliiona namba. Nikasema moyoni, vipande viwili tu, litahimili.

Mume wangu akaja, akauliza, Umeweka jiwe? Nikamjibu: Liko tayari.

Yeye anayepima mara tatu hakutazama. Kwa sababu nilimwambia mimi.

Nimeandika sasa. Sijisikii nafuu hata kidogo.

Jumamosi, 9 Machi

Grili moja. Malengelenge manne. Bledi mpya haiingii kwenye mfereji ulioanzwa na bledi iliyochakaa, inabana. Lazima ugeuze chuma uanze upande wa pili. Nimejifunza kwa kuvunja.

Jumatatu, 11 Machi

Bendeji imetoka. Anaona! Mwanga, dirisha, umbo la mtu. Maandishi hapana. Daktari akamshikia kadi ya herufi, naye akatikisa kichwa hata kwa ile kubwa ya juu. Huenda litaimarika kwa miezi, huenda likabaki hapo.

Njiani kurudi kaniangalia muda mrefu. Akasema, Kama uko nyuma ya pazia. Lakini bado naona umenuna.

Nililia njia nzima, yeye akanibembeleza mimi! Akasema usijitese, hukufanya kosa lolote. Nilitamani ardhi inimeze. Mdomo niliufungua kabisa. Nikasema: Chunga ngazi.

Usiku nitalifungia daftari hili kwenye kabati. Jicho likiimarika, je?

Jumatano, 13 Machi

Shemeji ameingia asubuhi kifua mbele. Amewapata wateja wawili wanaosema mawe yale nao yaliwahi kuwapasukia. Hivi watu hawaogopi. Jumamosi atakwenda na kundi lake dukani, wamtoe mwenye duka nje mbele ya watu, wafunge milango kwa kufuli lao. Anajisifu huku anakunywa chai yangu. Anasema, Shemeji, huyo mtu tutamkalia kooni mpaka ahame.

Mume wangu alizungusha kikombe. Kisha:

— Nimenunua kwake miaka kumi na tisa. Hajaniuzia kitu kibovu hata siku moja.

— Ndiyo kakuuzia sasa, kaka. Jicho liko wapi?

Hapo nikasimama kuosha vyombo visafi.

Mchana nilikutana na mke wa mwenye duka bombani. Aliniachia nafasi nichote kwanza. Hakunisalimu, ila alinipisha. Bora angenitukana. Wana watoto wadogo watatu na duka ndilo hilo hilo.

Nilijikaza kisabuni nikapanga maneno: Sikiliza, baba, lile jiwe. Nikaenda mpaka mlangoni kwa mume wangu. Alikuwa amelala na mkono juu ya jicho lisilokuwepo. Nikarudi kukata chuma.

Ijumaa, 15 Machi

Grili ya tisa.

Amenishtua. Kaingia karakana mwenyewe, mkono ukutani, mara ya kwanza. Akagusa jiliwa, akagusa mikato yangu. Akasema imenyooka, kuliko yake. Si kweli, lakini alisema. Kisha tukaongea ya mashine kama zamani: shemeji anashauri ile ya kusimama, unashusha mkono na jiwe linakata. Kakataa. Jiwe ni jiwe, hata likisimama. Anataka ule wa mkanda, kitu cha meno kinachokwenda taratibu, mtu hata kama ni kipofu nusu anaweza kubana chuma na kungoja. Akauliza, Au wewe unaonaje? Nikasema sawa, wa mkanda. Nilifurahi dakika tano nzima.

Halafu akaomba mfuko wa vipande.

Vipande vya jiwe shemeji aliviokota siku ile, anavitunza kama ushahidi. Mume wangu akavimwaga mezani, akaanza kuvipapasa kimoja kimoja. Akaomba kipimo cha unene. Akabana kipande, akanipa nisome kwani yeye asingeweza.

Nikasoma. Milimita tatu. Ningeweza kudanganya. Nadhani sikuwa na akili ya kudanganya.

— Tatu, akasema. Ya grenda yetu ni moja na nusu.

Shemeji hakuwepo, tulikuwa wawili tu. Nikangoja aseme. Akasema tu, Kesho mwambie mdogo wangu amlete mwenye duka hapa, kabla ya kwenda kumfungia. Aje aone mwenyewe.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nimesimama, ndani ya stoo, mlango nimeurudishia. Wako uani: mume wangu, shemeji, na mwenye duka kavaa shati la kwenda ibada. Wenzake shemeji wamekaa ukutani na kufuli lao jipya.

Mume wangu ameweka ubao mezani na kuvipanga vipande kwa vidole, kingo kwa kingo, mpaka limekuwa duara. Mwenye duka alitazama mara moja tu, akasema kwa sauti ya chini: hili si jiwe la grenda ndogo. Shemeji akamkatiza, unajitetea! Mume wangu akainua mkono. Akasema, Namba huandikwa katikati. Hapa katikati ni tundu. Kipande chake cha kati kiko wapi?

Shemeji akaapa aliokota kila kitu kilichokuwa chini.

Cha chini, ndiyo. Kati haikuanguka chini, ilibaki kwenye grenda, chini ya nati. Niliifungua kwa spana wakati jirani anampakia mume wangu kwenye gari. Mikono ina damu yake na mimi nafungua nati! Nikaitumbukiza kwenye kopo la misumari, ikagonga misumari kwa mlio, gari likiwa bado uani.

Sasa mume wangu anataka kopo la misumari. Kaniambia mbele yao kwa upole tu: vipande vinateleza, lete kopo nivizuie kwa misumari pembeni visisogee.

Nimelipakata kopo. Nimeitoa kati. Ni ndogo, inaenea kiganjani, pete ya chuma na karatasi ya bluu. 6600 inasomeka vizuri. Mfuko wa gauni langu ni mkubwa. Misumari ningeipeleka peke yake, nani angejua? Mwenye duka angetolewa nje, ndiyo, lakini — hapana. Sijui.

Ananiita. Nimejibu kwa sauti kutoka huku ndani: Misumari imekwisha!

Nasikia hatua za mume wangu, anahesabu, moja, mbili. Amesimama nje ya mlango wa stoo. Hajaugusa.

Anasema taratibu, nisikie mimi tu:

— Lilete hivyo hivyo, mke wangu. Hata kama halina misumari.