Mashua ya Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 6 Mei

Nimeondoka! Saa mbili kasoro asubuhi. Hakuna aliyenisindikiza ila mlinzi wa gati, naye alipunga mkono — au labda alikuwa anafukuza nzi. Mimi, fundi cherehani wa miaka arobaini na tisa, ndani ya mashua ya mita tano. Sina injini, sina mwenzangu. Siku nane hivi kufuata pwani hadi mji anakoishi kaka sasa.

Niandike masharti, nisije nikajidanganya baadaye. Mashua hii kaka aliiunda mwenyewe, uani kwake, miaka minne. Kisha kiharusi kikamchukua mkono wa kushoto, na huo ndio mkono wake wa kazi. Mwanawe anataka kung'oa mlingoti, aweke injini, abebe wageni. Mimi naitaka kama ilivyo. Kikao cha familia kikawa kelele tupu, mpaka kaka akakata shauri: shangazi, yaani mimi, akiifikisha kwa tanga, peke yake, ni yake. Akivutwa na mtu, hata hatua kumi, ni ya kijana. Kijana akacheka, akasema shangazi atafika, ndiyo, lakini kwa basi.

Upepo mwanana leo. Nimekula mkate na yai. Najisikia binti wa miaka ishirini.

Jumanne, 7 Mei

Kila kitu humu kimeundwa kwa mtu wa mkono wa kushoto! Kigingi cha kufungia kamba kiko kushoto. Ndoano ya ndoo, kushoto. Hata kasha la chakula linafunguka upande usionitaka. Nimeikosa kamba mara tatu, nimejigonga kiwiko, nimemtukana kaka kwa sauti kubwa. Hakuna wa kusikia — raha iliyoje!

Mchana wingu likashuka ghafla. Mvua, upepo mara huku mara kule, mashua ikalala ubavu. Nilipepesuka. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe kutafuta pa kushika, na pa kushika palikuwa pale pale: kishikio cha mbao, upana wa vidole vinne, kimelainishwa ndani kisichubue. Alikiweka pale anapoangukia mtu mwenye hofu. Alijuaje? Bila shaka aliwahi kuanguka.

Usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii nimeisema tangu shule bila kuifikiria hata siku moja.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua siku mbili. Nimetia nanga kwenye kijighuba, nimejikunyata chini ya turubai. Mtandao unakuja na kuondoka. Kaka amepiga: Kula. Kunywa maji. Usikae na nguo mbichi. Punguza tanga kabla hujaogopa, ukishaogopa umechelewa. Akakata.

Ndivyo alivyo tangu utotoni. Haulizi, anaamuru. Nampenda na ananikera, vyote kwa pamoja.

Hilo la tanga nimeliandika kwa kalamu ya rangi juu ya kasha.

Ijumaa, 10 Mei

Siku mbaya. 

Asubuhi shwari. Saa tano upepo ukapanda, nikapunguza tanga mapema kama nilivyoamriwa. Mashua ikatulia, nikaanza hata kujisifu. Kisha sauti — kraa! — nami naijua sauti hiyo kuliko mtu yeyote pwani hii. Kitambaa. Tanga limechanika kutoka juu hadi katikati, sawasawa kwenye mshono.

Mshono WANGU. Kabla ya safari nilishona upya kipande kilichochakaa. Mishono midogo midogo, safu mbili, ya kupendeza kama ya gauni la bibi harusi. Nilijivunia, nikaupiga picha, nikamtumia kila mtu. Sasa nimeuona ujinga wangu: matundu ya sindano yamepangana karibu karibu, kitambaa kikachanika kama ukurasa wa kitabu cha risiti. Miaka ishirini na sita ya ufundi ndiyo imenichania tanga. Asiyejua kushona asingelifanya kosa hili!

Mashua ikawa inasukumwa kuelekea miamba. Ikatokea boti ya uvuvi yenye injini. Mvuvi mmoja mnene, kofia imegeuzwa nyuma.

"Mama, tukuvute?"

Nikasema hapana, ahsante.

"Mama, unaona mwamba ule?"

Nikasema nauona.

Akamwambia mwenzake kwamba mama huyu hazimo zote. Nilimsikia, wala sikumlaumu. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo, nivuteni, chukueni kila kitu. Nilidhani nitakufa. Nikabwaga nanga, ikaburuta, ikaburuta, ikashika. Yule mvuvi hakuondoka. Alizunguka polepole, robo saa nzima, bila neno, mpaka alipoona kamba imekaza na mashua imesimama. Akainua mkono, akaenda zake. Sijui hata jina lake. Mungu ampe samaki mpaka achoke kuwavua.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeshona tangu alfajiri. Kwa mkono, sindano nene, mishono mirefu kama kidole, imepinda huku na huku ili matundu yasifuatane. Mbaya! Mteja angenirudishia. Mwanafunzi wangu angeshona hivi ningemfumulia yote mbele ya wenzake.

Nilimpigia kaka kuungama. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema alikuwa ameliona kosa tangu nilipomtumia ile picha. Nikapandisha sauti: sasa mbona hukusema? Akasema mshono ulikuwa mzuri mno. Aliutazama usiku kucha, akashindwa kumwambia mtu aufumue.

Nilitaka kukasirika. Nusura nizame kwa sababu kaka kaona haya kuharibu kitu kizuri! Lakini mimi pia nisingefumua. Sisi wawili ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Jumatatu, 13 Mei

Tanga limeshika! Upepo wa nguvu siku nzima, mawimbi ya kufika kifuani, na ule mshono wangu wa aibu haujasogea hata uzi.

Na mashua — loo. Wimbi likija, inanyanyuka taratibu kama mtu mzima anayeinuka kitini, inapita, inakaa tena. Maji yakiingia yanatiririka yenyewe hadi penye ndoo, maana sakafu ameichonga na mteremko ambao jicho halioni. Nimeligundua leo tu, siku ya nane! Nilikuwa naimba. Mkono wa kushoto sasa unakamata kamba kabla sijaufikiria. Sijawahi kumwambia kaka kwamba ni fundi kunishinda mimi. Nikifika nitamwambia, potelea mbali.

Jumanne, 14 Mei

Saa nne asubuhi. Niko nyuma ya rasi ya mwisho. Mji uko upande wa pili, mwendo wa saa moja na nusu. Nilijificha hapa jana jioni kungoja upepo upungue. Haukupungua — umegeuka, sasa unavuma kuingia humu humu ghubani. Nanga inateleza. Jiwe jeupe lililokuwa mbele yangu sasa liko ubavuni. Kukaa, hatari. Kuzunguka rasi, hatari.

Kijana kapiga. Yuko gatini na boti ya rafiki yake, injini inanguruma. "Shangazi, nakuja kukuvuta. Hakuna atakayekucheka, haki ya nani." Sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. Ameogopa, mtoto wa watu. Nikamuuliza, na mashua? Akampa baba yake simu.

Nikasubiri amri. Nilikuwa naitaka, kwa kweli. Aseme rudi, aseme kaa, aseme njoo, nitii nipumzike.

Kaka akasema: "Mdogo wangu, mimi huko sipo. Wewe unaonaje?"

Miaka arobaini na tisa. Hajawahi kuniuliza.

Nikayatazama maji kwa mara nyingine. Nikamwambia: tanga nusu, natoka nje mbali kabisa, nisiukaribie mwamba, ndipo nigeuke. Sina hakika. Nikamwambia na hilo pia, kwamba sina hakika.

Kisha nikamsikia akigeukia pembeni: "Zima injini, mwanangu. Shangazi yako anakuja."

Jiwe jeupe limeshapita nyuma. Daftari linaingia kwenye mfuko wa plastiki. Navuta nanga.