Kidole Gumba Kwenye Kioo

Jumatatu, 3 Machi
Bosi kanipa meza ya Kaka. Hata udongo wa kaburi haujakauka!

Kazi ni ile ile. Filamu ya mirija ya kaboni, midogo hata jicho haliioni. Ikilala, haitoi elektroni za maana. Unabandika selotepu, unabandua, inasimama. Kaka alikandamiza kwa kidole gumba—tukamtania, karani wa posta na stempu zake. Mimi natumia rola. Enzi zake, nilipokuja kuchungulia, Kaka aliweka kiganja kwenye kioo cha mlango: subiri, bado.

Jumatano, 5 Machi
Filamu yangu ya kwanza. Nikaifungia ndani ya chemba, pampu ikanyonya hewa, nikapandisha volti, elektroni zikapiga kioo cha chemba, kikawaka kijani. Elektroni nyingi kuliko tulizowahi kupata! Lakini mwanga umejipanga kwa mistari ya kidole gumba. Katikati, kovu la mshazari.

Kovu nalijua. Nililifunga kitambaa mwenyewe, tukiwa wadogo.

Alhamisi, 6 Machi
Filamu nyingine. Rola mpya, glavu mpya. Kidole kiko pale pale. Bosi meno nje: namba zimepanda, usiguse kitu! Kuhusu kovu, akasema msiba una macho yake.

Naogopa. Na nimefurahi pia—aibu gani hii?

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Mama. Hakulia. Aliacha kumenya viazi, akauliza: kinakandamiza kutoka nje au kutoka ndani?

Jumatatu, 10 Machi
Nimetazama vizuri. Alama iliyoachwa kwa nje ingeonekana imegeuka, kushoto kuwa kulia, kovu nalo. Halikugeuka. Naliona kama nilivyoliona kwenye kidole chenyewe.

Ndani.

Bosi anataka mwanga usambae sawasawa. Kesho wageni wanakuja, hawezi kuwaonyesha kidole cha mtu. Kasema nipandishe volti hadi mwisho, mirija mirefu inayochora kidole iungue. Nikamwambia huyo ni Kaka. Akanitazama kwa huruma—afadhali angenitukana.

Jumanne, 11 Machi
Bosi kaenda kupokea wageni. Nimefunga mlango kwa ndani. Naandika nimesimama.

Nilipandisha kidogo tu, nijaribu. Kidole hakikuungua. Kando yake kimewaka cha shahada. Kisha cha kati. Mama yuko kwenye simu, kanikataza: usimchome mwanangu.

Bosi karudi, anagonga. Pandisha, anasema, au fungua nipandishe mwenyewe!

Sasa ni vitano. Kiganja kizima, kimebandikwa kwenye kioo. Mama anauliza Kaka anafanya nini. Namwambia anasema nisubiri. Bosi anatafuta ufunguo wa akiba, nausikia, na mkono wangu uko kwenye swichi ya volti, na Kaka bado