Sahani ya Maua ya Bi Zuhura

Jumatatu, 7 Julai
Vileja tena, biskuti za unga wa mchele. Nimeoka kabla Mama hajaamka. Iliki imezidi. Anaamini napitisha muda tu mpaka niitwe kazini. Uongo. Ujumbe wa kunikataa ulikuja wiki iliyopita, nikaufuta. Wenzangu wa chuo wanaandika kwenye kundi kwamba ujasiriamali ni wito. Mimi kilichonileta kwenye unga ni kukosa kazi. Mwenye mgahawa wa karibu na soko anataka kununua ndoo nzima Ijumaa. Nimekubali.

Jumanne, 8 Julai
Mama kajaza sahani vileja, kaifunika kawa, kampelekea jirani yetu Bi Zuhura aonje mkono wa mwanawe msomi. Nyumba hii hugawa chakula, haiuzi. Babu alikuwa na minazi Pangani. Minazi iliuzwa, majivuno yakabaki. Nilihesabu vilivyobaki.

Jumatano, 9 Julai
Sahani yetu imerudi na ndizi mbivu. Pamoja nayo sahani ya maua ya Bi Zuhura mwenyewe, imejaa maandazi. Sahani hairudi tupu, ndiyo ada. Mama kafurahi, kagawa vileja nyumba nyingine mbili. Mtaji wangu unatoka mlangoni chini ya kawa, unarudi mihogo na papai. Ningeweza kusema. Nikala ndizi.

Alhamisi, 10 Julai
Bi Zuhura anamwoza mwanawe. Kaja kuomba vileja vya wageni wote. Mama kaitikia kwa moyo mkunjufu. Nilikuwa jikoni, nikatorokea mlango wa uani. Miaka mitatu ya chuo, na neno "nauza" halinitoki. Najichukia.

Ijumaa, 11 Julai
Ndoo haikujaa. Nimepita mbele ya mgahawa nimevuta ushungi mpaka puani, kama mwizi. Nikarudi, nikamwambia Mama: "Kazi nimekosa. Vileja nauza."
Alinigeukia. "Salma, na mimi nakugawa mtaa mzima." Akaingia chumbani. Chakula cha usiku hakukigusa.

Jumamosi, 12 Julai
Asubuhi Mama kaosha sahani ya maua, kaifuta. Nilingoja aniombe vileja vya kuijaza. Hakuomba. Kajitanda kanga, katoka nayo.
Nilimsikia barazani kwa jirani, sauti ndogo: "Bi Zuhura, vya arusi ni vya kununua." Jibu sikulisikia.
Amerudi macho mekundu. Hakunitazama. Kavuta kibao cha kukunia nazi, kakaa karibu yangu, kaanza kumenya iliki.
Sahani ilikwenda tupu.