Breki Ngumu na Mguu Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Soko la Burma tena, kununua nyama ya supu. Tukirudi, karibu na nyumbani Donholm, nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote na bado bampa ikagusa mkokoteni wa maji. Hakuna aliyeumia. Mke wangu, Mama Nekesa, kiti cha kando, alikuwa ameukanyaga mkeka wa gari kwa miguu yote miwili, kama kawaida yake siku hizi. Pedi za breki zilibadilishwa juzi tu. Nikarudi kwa fundi. Akayaangalia magoti yangu. "Mzae, gari iko fiti. Ni mguu imechoka."

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumatano, 5 Machi

Binti yetu Nekesa kapiga simu. Jumamosi anakuja kulichukua gari. Wameshakubaliana na mama yake. Mimi, niliyeendesha tangu kabla hajazaliwa! Naogopa. Huenda kweli ni mguu.

Jumamosi, 8 Machi

Nekesa alichukua ufunguo, akawasha, akasogea hadi getini. Akasimama. Akanitazama dirishani.

"Baba, hii breki ni ngumu hata kwangu."

Na huyo anacheza voliboli! Nikamwambia azime injini, akanyage mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu kabisa, aishikilie hivyo hivyo, kisha awashe. Kwa gari zima, pedali huzama kidogo. Hii haikusogea. Basi msaada wa injini haufiki kwenye breki! Boneti juu, sikio chini. Ssss. Sauti hiyo naijua. Miaka yangu yote ya reli kazi ilikuwa kutafuta mipira ya breki inayovuja kwenye mabehewa. Na huu hapa, mpira unaotoka kwenye injini kwenda kwenye busta inayoongezea breki nguvu, umepasuka upande wa chini, hauonekani. Nikaziba ufa kwa kidole gumba. Kimya. Nekesa akapiga kelele kwamba pedali imezama.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Fundi alileta mpira mpya, akaufunga bila kuyaangalia magoti yangu. Nikajaribu barabarani, nikakanyaga kwa nguvu kama nilivyozoea, sote tukarushwa mbele. Raha tupu!

Jumapili, 9 Machi

Kanisani na kurudi. Nekesa aliuacha ufunguo msumarini, akarudi kwake bila gari. Kwenye taa za Outer Ring nikagusa breki kidogo tu, gari likatulia. Nikatazama kando. Mama Nekesa alikuwa amevua viatu, amekunja miguu kitini, amelala.