Kiapo Alichokikataa Baba

Kanyakine, 7 Februari 1971

Mwanangu Gacheri,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima isipokuwa magoti, na mama yako anakusalimu. Hujambo huko Embu na wanafunzi wako?

Wapimaji wa ardhi wamefika. Jirani yetu Kiambi anadai ile kahawa ya chini, mpaka mtoni, ni yake. Karatasi hakuna, kwa hivyo wazee wa baraza letu la Njuri wameamua tule kiapo cha mbuzi dume. Unamvunja mifupa kwa jiwe, unaapa, na aliyedanganya hamalizi miaka saba. Afisa wa serikali anangoja na kalamu amwandikie shamba atakayeapa. Lakini mchungaji amesema mzee wa kanisa kama mimi akimgusa mbuzi huyo, ataondolewa kwenye meza ya Bwana. Nisipoapa, napoteza shamba. Mpaka ni ule ule aliouacha babu yako. Wewe umesoma mambo ya kale, niambie wenzetu walifanyaje.

Ni mimi baba yako,
Mutegi

Embu, 18 Februari 1971

Baba mpendwa,

Nimefurahi kupata barua yako, ila hayo magoti yananipa wasiwasi. Mimi sijambo.

Hayo ndiyo ninayofundisha kidato cha tatu. Ulaya ya zamani mshtakiwa alishikishwa chuma cha moto. Padri alikibariki, mtu wa mfalme akitazama, kisha mkono ukafungwa kitambaa siku tatu. Kidonda kikikauka vizuri, huna hatia. Mwaka wa 1215 maaskofu walikutana Roma wakawakataza mapadri kubariki vyuma, na wafalme hawakujua tena watahukumuje. Ikabidi waanze kuuliza majirani. Kwa hivyo jambo lako si geni, Baba. Mimi naona uape. Mbuzi ni mbuzi tu, na mchungaji atakusamehe kabla ya Krismasi.

Binti yako,
Gacheri

Kanyakine, 10 Machi 1971

Mwanangu,

Hatujambo, mvua imeanza. Sikuapa. Kiambi aliapa, na afisa akamwandikia shamba. Jumapili mchungaji alinisimamisha mbele akaniita Danieli wa Kanyakine, watu wakapiga makofi. Sina la kuongeza.

Baba yako

Embu, 30 Julai 1971

Baba,

U mzima? Mbona kimya hivyo? Mimi nilikasirika kwa niaba yako, na sikungoja ruhusa. Nilimwandikia mchungaji, naye akampelekea DC rufaa kwamba Mkristo amenyang'anywa shamba kwa ajili ya imani yake. Nami nikaenda kwa hakimu hapa, nikashika Biblia, nikaapa kwamba mpaka ni ule wa babu. Nilikuwa na barua yako, sikuhitaji zaidi. Leo nimesikia rufaa imekubaliwa. Kahawa imerudi na mbuzi hukumgusa. Furahi basi.

Binti yako,
Gacheri

Kanyakine, 15 Agosti 1971

Mwanangu Gacheri,

Natumai u mzima. Mimi usingizi umenikimbia.

Sikumkataa mbuzi kwa ajili ya Kristo. Nilimwogopa. Mwaka wa 1954, Kiambi akiwa kizuizini kwa wakoloni, niliusogeza mpaka kwa mikono yangu mwenyewe. Mzee wa kanisa miaka kumi na mitano, na bado niliamini mbuzi ataniua. Wewe nilikuandikia uongo kwa sababu karatasi haikunitisha. Naona aibu kuliko ninavyoweza kusema.

Nilimwungamia mchungaji. Akasema Mungu amenisamehe, ila ninyamaze, kanisa lisiaibike. Nikaenda kwa chifu, akasema serikali haiwezi kubadilisha maandishi mara ya tatu. Juu ya mbuzi hawakupatana hata siku moja. Juu ya kunyamaza kwangu wamepatana. Jana nilimwambia Kiambi mwenyewe mbele ya wazee. Hakunitukana, aliketi chini akalia. Sasa anaenda mahakamani, na huko watauliza nani aliapa. Mpelekee hakimu barua hii kabla hujaitwa, aone kwamba uongo ni wangu. Usinihurumie.

Baba yako,
Mutegi

Embu, 23 Agosti 1971

Baba,

Nakusalimu, na mama pia. Nilikaa na barua yako siku tatu, na sikufichi, nilitaka kuichoma. Kazi yangu naipenda, na wewe nakupenda zaidi. Leo asubuhi nimempelekea hakimu. Aliniuliza, "Huu ni mwandiko wa baba yako?" Nikasema ndiyo. Alimwita askari, akamwambia aandike jina lako na kijiji chetu.

Nakuandikia nikiwa posta. Karani anasema barua itafika Alhamisi. Askari wana gari.

Binti yako,
Gacheri